Maswali ya kibandani: laini yako, siri yako na macho ya serikali

Nina kibanda cha kusajili laini na kutengeneza simu Tandika, Dar es Salaam. Nilikuwepo laini zilipokuwa zinauzwa kama karanga, bila hata kuulizwa jina, na nikawepo mashine za alama za vidole zilipoingia. Maswali yaliyopo hapa nimeulizwa na wateja, mengine kwa sauti, mengine mtu akiwa ameinama karibu na sikio langu. Mimi si mwanasheria. Naandika ninachokijua, na pale nilipo na maoni yangu utayaona.

Kwani serikali inasikiliza simu zetu?

Hili ndilo swali namba moja, na wengi wanaliuliza kwa kunong'ona, simu wameiacha mezani kana kwamba yenyewe ndiyo shahidi.

Tutenganishe vitu viwili. Kuna maneno unayoongea, na kuna kumbukumbu za kwamba uliongea. Kila ukipiga, kampuni ya simu inabaki na kumbukumbu: umempigia nani, saa ngapi, dakika ngapi, na simu yako ilikuwa imeshika mnara upi. Kumbukumbu hizo hazihitaji mtu wa kukaa na kusikiliza. Ukisema jana usiku ulikuwa Morogoro na simu yako ilishika mnara wa Mbagala, mnara umeshakusemea.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inampa mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa ngazi hiyo, uwezo wa kutoa amri ya kukabidhiwa data kwa ajili ya uchunguzi wa jinai. Mkuu wa kituo, siyo hakimu. Nikimfikisha mteja hapo ndipo anaponyamaza, kwa sababu wengi wanadhani lazima kuwe na karatasi ya mahakama kama wanavyoona kwenye tamthilia.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kuna mtu amekaa anasikiliza jinsi unavyogombana na shemeji yako kuhusu kiwanja, nadhani hana muda huo. Ila safari za simu yako zimeandikwa, na anayeweza kuziomba hana mlolongo mrefu kama unavyofikiri.

Nimetumiwa ujumbe kwamba kuanzia kesho simu zote zitarekodiwa, na tiki tatu za bluu maana yake serikali imesoma. Ni kweli?

Si kweli. WhatsApp haina tiki ya tatu, wala haina tiki nyekundu. Tiki moja, umetuma. Mbili, umefika. Mbili za bluu, umesomwa. Basi.

Ujumbe huo umezunguka nchi nyingi, kila nchi ukibadilishiwa jina la wizara. Hapa kibandani unarudi kila uchaguzi unapokaribia. Ninachoona cha kuvutia ni kwamba watu wanausambaza kwa kasi, tena wale wale wanaosema hawajali kufuatiliwa. Mama mmoja muuza vitumbua alinionyesha, nikamwambia ni uongo. Akanijibu: "Najua, lakini nimeacha kuandika siasa kwenye grupu la kikoba." Uongo wenyewe ulikuwa umeshafanya kazi.

Mimi sina cha kuficha. Kwa nini nihangaike?

Kuna mzee mstaafu, namwamkia shikamoo kila asubuhi akipita kununua gazeti. Siku moja alikuja kubadili namba yake ya siri ya pesa kwenye simu, huku akinieleza kwa kirefu kwamba mtu mwema hana siri, anayeficha mambo ni mwizi. Alipofika pale pa kuingiza namba akageuka upande, akafunika kioo kwa kiganja, na akanitazama hadi nikaangalia barabarani. Sikumlaumu. Alifanya sawasawa.

Tangu siku hiyo sijali sana mtu anajibu nini akiulizwa. Natazama anafanya nini. Anayesema hana cha kuficha ana laini mbili, moja ya kazini na nyingine ambayo nyumbani haijulikani. Amewasha jumbe zinazojifuta. Stetasi yake amewaficha watu wa kanisani. Mazungumzo yakianza kunoga anaandika: "Hili tuongee tukionana." Huyo anajali faragha kuliko mhadhiri wa chuo kikuu, ila hatumii neno hilo. Anasema stara. Anasema mambo yangu. Anasema sitaki kusemwa.

Tofauti iko kwa nani anamwogopa. Kwa wateja wangu orodha inaanza na mwenza, anafuata tapeli, kisha ndugu wenye midomo, bosi, mtu anayemdai, na serikali inakuja mwisho huko. Ila kuna kundi ambalo kwao serikali ni ya kwanza: waandishi, vijana wa siasa, watu wa vyama. Hao hawaniulizi kama inasikiliza. Wananiuliza simu gani inatoka betri.

Mbona watu hawakupinga kuweka alama za vidole?

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, ukitegemea namba ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA. Mwisho ulipangwa uwe tarehe 31 Desemba. Siku chache kabla, Rais Magufuli akasajili laini yake akiwa Chato na kuongeza siku 20, mpaka tarehe 20 Januari 2020.

Nakumbuka malalamiko ya wakati ule, na yalikuwa makali. Lakini yalihusu foleni. Watu waliamka saa kumi alfajiri kwenda ofisi za NIDA, wakaambiwa mtandao uko chini, warudi kesho. Kwamba kidole chako kinaingia kwenye kanzidata na kuunganishwa na kila simu utakayopiga maishani, katika miezi ile sikusikia mteja hata mmoja akiligusa.

Nina sababu mbili kichwani. Ya kwanza, vidole vilikuwa vimeshachukuliwa NIDA na kwenye kadi ya mpiga kura, kwa hiyo kwa mtu wa kawaida halikuwa jambo jipya. Ya pili ni ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Watu walikuwa wamechoka kutapeliwa. Waliambiwa usajili utamaliza utapeli, wakasema chukueni vidole hata kumi.

Utapeli haukuisha. Wiki iliyopita nimepokea meseji mbili za aina hiyo, ya pili ikiniita "mwanangu".

Wakala anaweza kutumia kidole changu kusajili laini nyingine?

Anaweza, na hapa nitasema jambo linaloniuma. Niliwahi kumweka kijana kibandani nilipokuwa nauguza. Alikuwa mchangamfu, wateja wakampenda. Baada ya muda akaja mama mmoja kanyooka kama msumari, kwamba ameitwa kituo cha polisi kwa sababu kuna laini yenye jina lake imetumika kutapeli watu. Yeye anamiliki kitochi kimoja tu.

Tulikaa naye tukarudi nyuma hatua kwa hatua. Akakumbuka: siku anasajili, kijana alimwambia, "Mama, weka tena kidole, haijasoma." Akaweka. "Tena kidogo, futa kwanza jasho." Akaweka. Mara tatu. Kidole kilikuwa kimesoma tangu mara ya kwanza.

Kijana alikuwa ameshaondoka na simu yake haipatikani. Mimi nilikwenda kutoa maelezo kituoni, na mama yule bado akipita hapa anavuka barabara.

Kwa hiyo ukiambiwa kidole hakijasoma, omba uone kioo cha mashine. Na piga \*106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Rudia kwa kila mtandao ulio na laini yake. Ukikuta namba usiyoijua, nenda ofisi ya kampuni hiyo ya simu ikafutwe, usingoje uitwe kituoni. Meseji za matapeli zipeleke 15040.

Kuna ubaya gani kumpa mtu namba yangu ya NIDA?

Itazame vizuri. Ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Yaani kabla mtu hajatafuta chochote, ameshajua umri wako. Sasa hesabu ni wangapi ambao namba yao ya siri ya simu au ya pesa ni mwaka wao wa kuzaliwa. Nikiwa fundi nimeshaambiwa namba za siri nyingi bila kuomba, na nakuhakikishia ni wengi.

Watu wanaipiga picha kadi nzima na kuituma kwenye grupu la ukoo ili mtu awasaidie kujaza fomu. Mtume mtu mmoja, kisha futa.

Ni kweli Wazungu wanajali faragha kuliko sisi?

Hivyo ndivyo tunavyoambiwa. Mwaka 2013 Edward Snowden alipotoa nyaraka zilizoonyesha kwamba shirika la ujasusi la Marekani, NSA, linakusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya raia, taasisi ya utafiti ya Pew iliwauliza Wamarekani mwezi huo huo wa Juni kama wanaona inakubalika ili kuchunguza ugaidi. Asilimia 56 walisema inakubalika. Asilimia 41 wakakataa. Mwaka 2019 taasisi hiyo hiyo iliuliza kuhusu ukusanyaji wa taarifa: asilimia 79 walikuwa na wasiwasi na kampuni zinavyotumia taarifa zao, na asilimia 64 na serikali. Kampuni iliwatia wasiwasi zaidi.

Afrobarometer, wanaokusanya maoni ya Waafrika, nao waliuliza katika nchi 34 za Afrika kati ya 2016 na 2018 kama serikali iruhusiwe kufuatilia mawasiliano binafsi ili kuzuia vurugu, au watu wawe na haki ya kuwasiliana bila kusikilizwa. Majibu yaligawanyika. Na watu walikuwa tayari zaidi kukubali amri ya kutotoka nje usiku kuliko kukubali kusikilizwa simu. Mtu atavumilia kufungiwa ndani saa mbili, lakini sauti yake muiache.

Hata katiba yetu, ibara ya 16, haizungumzii mtu peke yake kama kisiwa. Inataja nafsi, familia, unyumba, maskani na mawasiliano. Neno unyumba hilo ndilo ninalolipenda. Anayeandika hivyo anajua siri ya Mswahili inakaa wapi.

Wenzetu Kenya walikwenda mahakamani kuhusu Huduma Namba. Wao wana moyo kuliko sisi?

Moyo ni nusu tu. Huduma Namba, namba moja ya utambulisho wa kidijitali, ilianza kuandikisha watu 2019, na sheria yake iliruhusu hata kukusanya vinasaba (DNA) na vipimo vya GPS vya mahali unapoishi. Waliokwenda mahakamani walikuwemo Nubian Rights Forum, na ukijua Wanubi wa Kibra ni nani utaelewa. Ni watu waliozaliwa Kenya, na babu zao pia, lakini kwa miaka mingi wamehangaishwa kupata kitambulisho. Kwao hoja ilikuwa rahisi: kama cha kwanza walininyima, hiki kipya kikifungua kila mlango, mimi nitabaki nje ya milango yote. Januari 2020 Mahakama Kuu ikazuia vinasaba na vipimo vya GPS, na kuitaka serikali iwe na utaratibu wa kisheria unaotosha kabla ya kuendelea. Oktoba 2021 kadi zenyewe zikakwama mahakamani kwa sababu tathmini ya athari kwa taarifa za watu haikufanyika.

Lakini usiwapambe sana. Nairobi hiyo hiyo, Julai na Agosti 2023, watu walijipanga nje ya jumba la KICC wapigwe picha ya mboni na mashine ya duara ya Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, kwa tokeni zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ilisimamisha zoezi tarehe 2 Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo za mwili zifutwe. Nilimuuliza rafiki yangu wa Nairobi kwa nini alipanga foleni. Akanijibu kwa swali: "Wewe ungeniachia elfu saba?" Sikuwa na jibu wakati ule, na sina sasa.

Kutumia VPN ni kosa?

Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo kwamba wanaotumia VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwa njia nyingine) katika shughuli zao watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Msingi wake ni kanuni za maudhui mtandaoni za 2020, na adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote.

Hiyo ndiyo karatasi. Mtaani, watu wengi walijifunza VPN Oktoba 2020, wiki ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ilipogoma. Wakaikumbuka tena mtandao wa X ulipozuiwa Mei 2025. Kijana wa bodaboda asiyejua kirefu cha VPN anajua ipi haimalizi bando. Sikuwekei. Nikikuwekea kibandani na leseni yangu ukutani, tutakuwa wawili.

Ila tahadhari moja ya kiufundi: VPN ya bure haiondoi macho, inayahamisha. Badala ya kampuni yako ya simu kuona unakokwenda, anaona mwenye VPN, na huyo hujui anaishi wapi wala anakula nini.

Nikitumia jina bandia mtandaoni, sijulikani?

Majirani hawatakujua. Laini yako ina kidole chako, na mtandao ulioingilia una kumbukumbu. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la mijadala la mtandaoni JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Maana yake jina bandia linakulinda kwa kiasi cha ugumu wa kichwa cha anayelitunza. Wenye vichwa vigumu hivyo si wengi.

WhatsApp inaweza kusomwa njiani?

Tangu 2016 jumbe zake zimesimbwa mwanzo mpaka mwisho, yaani njiani ni mchanganyiko usiosomeka, hata kwa kampuni ya simu. Tatizo ni kwamba hakuna anayesumbuka na njiani. Zinavuja mwishoni. Mwenzako anapiga skrinishoti. Nakala ya mazungumzo imehifadhiwa kwenye akaunti yako bila kufungwa. Kuna sehemu ya kuifunga kwenye mipangilio, wengi hawajawahi kuigusa. Au simu yenyewe imeshikwa na mtu na wewe umesimama mbele yake ukiambiwa fungua.

Grupu la watu 200 si faragha. Ni mkutano wa hadhara usio na jukwaa.

Sheria ya taarifa binafsi inanisaidia nini?

Tunayo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Inakupa haki ya kujua nani ana taarifa zako na anazifanyia nini, kuomba zirekebishwe, kukataa kutumiwa matangazo, na kulalamika. Masuala ya usalama wa taifa na uchunguzi wa jinai yana msamaha wake, kwa hiyo usitarajie itajibu swali lako la kwanza pale juu.

Lakini kwa wateja wangu serikali haikuwa kidonda kikubwa. Kidonda ni mikopo ya kausha damu ya mtandaoni. Unapakua programu, inakuomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu, unabonyeza kubali kwa sababu mtoto anaumwa. Ukichelewa siku mbili, wanawatumia meseji watu wote: mwalimu wa mtoto, shehe, mkwe. Dada mmoja alikaa kwenye benchi langu akitetemeka. Deni lilikuwa shilingi 40,000. Baba mkwe alikuwa amepokea picha yake yenye maneno "mwizi huyu". Alikuwa ananiuliza kama ujumbe uliokwisha kusomwa unaweza kufutwa kwenye simu ya mtu mwingine.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Zingine zilirudi na majina mapya. Kabla ya kubonyeza kubali, soma inaomba ruhusa gani. Programu ya mkopo haina kazi na majina ya ndugu zako.

Nifungulie simu ya mke wangu, nimesahau namba ya siri.

Hapana, kaka. Mlete mwenyewe.

Fundi, wewe unaona nini ukibaki na simu yangu?

Siri ya mtungi aijuaye kata. Ukiniachia simu na mchoro wa kuifungulia, naweza kuona kila kitu. Sifungui, lakini hilo ni neno langu tu, na huna namna ya kulipima. Kwa kioo au betri sihitaji mchoro wako kabisa. Nikikuomba, niulize wa nini. Simu ikiwa ya kuachwa siku nzima, toa laini na kadi ya kumbukumbu uondoke navyo. Nina bahasha ndogo za kaki, nakupa bure.

Nataka kusajili laini kwako. Nije na nini?

Namba ya NIDA, si lazima kadi. Kidole kikavu, wauza samaki na mafundi gereji wapitie bombani kwanza, vidole vyenu vinanisumbua. Nitaigeuza mashine upande wako kabla hujaweka kidole. Utaweka mara moja. Ikigoma kweli, utaona mwenyewe imeandika imegoma, ndipo tutajaribu tena. Ukimaliza, usiondoke: piga \*106# ukiwa hapa hapa mbele yangu, hesabu namba zako, ndipo unilipe.